Tunduma au Kasumulu: ukivuka wakati wa mlipuko wa ugonjwa, upitie wapi?

Ukitokea Makambako, pale Uyole ndipo safari inapogawanyika. Ukikata kushoto unapanda Igawilo, unapita Kiwira na Tukuyu katikati ya migomba na mvua isiyochoka, kisha unateremka hadi joto la Kyela na mpaka wa Kasumulu, Malawi ikiwa ng'ambo ya mto. Ukinyoosha unapita katikati ya jiji la Mbeya, Mbalizi, Mlowo, Vwawa, unaishia Tunduma, Zambia ikiwa ng'ambo ya mtaa. Siku za kawaida mtu anachagua kwa nauli na kwa ndugu alionao. Siku za mlipuko watu wananipigia simu.

Wananipigia kwa sababu nauza vitenge soko la Mwanjelwa, Mbeya, na mipaka yote miwili naivuka: Nakonde, upande wa Zambia wa Tunduma, kufuata mzigo, na Karonga, Malawi, kumwona dada yangu aliyeolewa huko. Nimevuka wakati wa UVIKO-19, wakati wa kipindupindu na wakati wa mpox. Desemba 2024 alinipigia binti wa kaka yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Iringa. Likizo anayo, na mialiko anayo miwili: rafiki yake wa chuo anaolewa Lusaka, na dada yangu wa Karonga anamdai kumwona tangu amalize masomo.

"Shangazi, Zambia wametangaza mpox, Malawi bado. Si niende tu Malawi?"

Nikamwambia asiharakishe. Idadi ya wagonjwa iliyotangazwa redioni ni jambo la tatu au la nne kwangu. La kwanza huwa hili: geti likifungwa ukiwa ndani, uko umbali gani kutoka nyumbani, na mfukoni umebakiwa na nini?

Mageti mawili

Tunduma ni mji uliokulia juu ya mpaka. Kutoka Mbeya mjini ni kilomita 100 hivi. Duka hili linapokea shilingi, la jirani yake linapokea kwacha, na mtoto anaweza kutumwa chumvi nchi nyingine akarudi kabla maji hayajachemka. Tangu Oktoba 2019 pana kituo cha huduma za pamoja, yaani afisa uhamiaji wa Tanzania na wa Zambia wako mahali pamoja, unagongewa mihuri yote bila kuzunguka. Siku za amani ni raha tupu. Lakini kituo hicho hicho kinampokea dereva wa lori aliyetoka bandarini Dar es Salaam, mwenzake anayerudi na shaba kutoka Congo, abiria wa mabasi ya Lusaka, na sisi wa vitenge. Foleni ya malori ikikolea, madereva wanalala Tunduma usiku mbili tatu, wanakula kwa mama lishe wale wale, wanaoga gesti zile zile. Ugonjwa unaosafiri kwa pumzi au kwa kugusana ukifika hapo umefika stendi kuu.

Kasumulu ni pembeni zaidi. Kutoka Mbeya ni kilomita 120 hivi, na barabara ya milima inakula muda kuliko kilomita zenyewe. Malori yapo, mengi ya kupeleka mafuta na bidhaa Malawi, ila hayafikii yale ya Tunduma. Mto Songwe ndio mpaka. Na hapa niingize neno kwa wageni wa kanda hii: jina Songwe litakuchanganya. Kuna Mkoa wa Songwe ambao ndani yake ndiko iliko Tunduma, kuna uwanja wa ndege wa Songwe ulioko Mbeya, na Mmalawi akisema mpaka wa Songwe anamaanisha Kasumulu. Nimewahi kumwona kijana amesimama Tunduma na begi lake, mwenyeji wake anamsubiri Karonga. Kama unasoma tangazo la kufungwa kwa "mpaka wa Songwe", soma mara ya pili ujue limetolewa na nchi gani.

Namna wanavyofunga

Mei 2020 ndiyo iliyonifundisha Zambia. Tarehe 9 walitangaza wagonjwa wapya 85 wa UVIKO-19 kwa siku moja, na 76 kati yao walikuwa Nakonde. Rais Edgar Lungu akaufunga mpaka, na amri ikashika ndani ya saa chache. Baada ya siku kadhaa mizigo ikaanza kuruhusiwa, abiria wakaendelea kusubiri. Mimi nilikuwa Mwanjelwa, mzigo wangu ukiwa Nakonde kwa mama mmoja anayenitunzia stoo. Nilimwona kwa simu tu. Kila nikimuuliza hali ananijibu, "Vitenge vyako havikohoi, mama, tulia."

Malawi ilikwenda kwa mwendo mwingine. Aprili 2020 serikali ilitangaza kuwafungia watu ndani kwa siku 21, Mahakama Kuu ikaizuia amri kabla haijaanza. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni nchi ya kulegea. Desemba mwaka huo huo, siku mbili kabla ya Krismasi, wakafunga mipaka kwa wiki mbili isipokuwa kwa wakazi wanaorudi na bidhaa muhimu. Dada yangu alikuwa amekwisha kununua mbuzi.

Kwa hiyo nikilinganisha, Zambia hufunga geti moja kwa ghafla pale moto unapowakia, na Tunduma ndilo geti linalowaka kwanza kwa sababu ya malori. Malawi ilichelewa, ilipofunga ikafunga nchi nzima. Kwa msafiri tofauti hii si ndogo. Geti moja likifungwa unaweza kuzunguka: mtu aliyekwama Zambia angeweza kufikiria kurudi kwa kupitia Malawi, ingawa ni safari ya kuchosha roho. Nchi nzima ikifunga, unakaa ulipo.

Na sisi wenyewe? Tanzania haikuwafungia watu ndani, na takwimu zetu za UVIKO-19 zilisimama mwaka 2020 kwenye wagonjwa 509. Silisemi hili kwa siasa. Nalisema kwa sababu lilikuwa na bei yake mpakani. Jirani asipojua hali ya kwenu, anakupima wewe. Wakati wenzetu wengine wanatazamwa joto na kupita, Mtanzania alikuwa anaulizwa maswali kama shahidi mahakamani. Mei 2021 masharti yetu nayo yakakazwa, anayeingia Tanzania akatakiwa cheti cha kipimo cha ndani ya saa 72, hata akiwa anarudi kwake. Wengi walilipanga hilo kwa kwenda wakalisahau kwa kurudi.

Ugonjwa upi hasa?

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, wanasema "kuna mlipuko" kana kwamba milipuko yote ni ndugu.

Ukiwa ni ugonjwa wa njia ya hewa, kama UVIKO-19, mimi naikwepa Tunduma ikiwezekana. Hatari iko kwenye kujazana: ukumbi, foleni, Coaster iliyopakia hadi mlangoni na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kasumulu foleni mara nyingi ni ya nje, upepo unapita, na ukifika Karonga, kilomita 50 hivi tu kutoka mpakani, umemaliza.

Kipindupindu kinageuza hesabu. Malawi ilipata mlipuko mbaya kuliko yote katika historia yake: ulianzia Machinga Machi 2022 baada ya vimbunga na mafuriko, ukaenea wilaya zote, zaidi ya watu 58,000 wakaugua na zaidi ya 1,700 wakafa. Zambia ikafuata kuanzia Oktoba 2023, Lusaka ikiwa ndiyo kitovu, uwanja wa mpira wa Heroes ukageuzwa kuwa kituo cha tiba, na Januari 2024 shule zikachelewa kufunguliwa. Ukitazama, katika yote hayo mageti yalikuwa wazi. Kipindupindu hakikuzuii mpakani, kinakungoja kwenye glasi.

Nilikwenda Karonga Januari 2023. Dada yangu alikuwa ameweka ndoo yenye koki mlangoni, maji yananuka klorini kama hospitali. Mimi nimesimama na mzigo kichwani nangoja kukumbatiwa, yeye ananionyesha ndoo kwa kidole. Nilipomaliza kunawa ndipo tukasalimiana. Mezani hapakuwa na kachumbari. Embe nilizonunua njiani alizichukua, akaziosha kwa maji yale yale, akazimenya mwenyewe, maganda akayafukia. Wiki nzima nilikunywa chai na maji yaliyochemshwa, nikala ugali wa moto na samaki wa moto, na hakuna aliyeugua nyumba ile.

Kwa kipindupindu, basi, swali ni utalala wapi na utakunywa nini. Karonga ni bondeni kando ya Ziwa Nyasa, na Kyela yetu ni hivyo hivyo, mvua kubwa zikinyesha vyoo na visima vinakuwa kitu kimoja. Kupitia Kasumulu unakuwa na tahadhari kuanzia Kyela hadi unakokwenda. Tunduma na Nakonde ziko juu, baridi, ila ukiendelea hadi mitaa ya Lusaka yenye msongamano na mashimo ya choo karibu na visima, uko pabaya kuliko Karonga. Kama unakwenda kwa ndugu anayechemsha maji, nenda popote. Kama utakula stendi, popote ni hatari. Beba vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS, zile chumvi za kunywa ukiharisha, kutoka duka la dawa huku nyumbani. Ni bei ya soda, na usiku wa manane huko ugenini hutajua duka liko wapi.

Mpox ni ya kugusana ngozi kwa ngozi na kwa vitu vilivyomgusa mgonjwa, hasa mashuka na taulo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, na Oktoba Zambia wakapata mgonjwa wao wa kwanza, msafiri aliyetokea Tanzania. Sasa rudi kwenye swali la binti wa kaka yangu. Yeye aliona "Zambia ina mpox." Mimi niliona kwamba afisa wa Nakonde ataiona pasipoti ya Tanzania na kumwomba akunje mikono ya blauzi aone kama ana vipele. Hakuna ubaya, ndiyo kazi yake. Malawi walikuja kutangaza wagonjwa wao Aprili 2025, na sisi tukawa tumetangaza wetu Machi. Miezi ile ya "bado" ilikuwa miezi ya kutopimwa kuliko ya kutokuwepo, ndivyo ninavyoamini mimi. Kwa mpox ushauri wangu ni kulala kwa ndugu kuliko gesti, na ukilala gesti tandika kitenge chako mwenyewe. Sitangazi biashara. Au natangaza kidogo.

Kuna kundi la mwisho, la Marburg na Ebola. Januari 2025 Marburg ilitangazwa Biharamulo, mkoani Kagera. Biharamulo iko mbali na Mbeya kuliko Lilongwe ilivyo, lakini kwenye fomu ya mpakani sote tumetoka Tanzania. Fomu hizo huuliza umekuwa wapi siku 21 zilizopita, kwa kuwa ndio muda mrefu zaidi ugonjwa unaoweza kujificha mwilini. Jibu kwa jina la mkoa na wilaya, kwa utulivu. Ukiwa na tiketi ya basi ya Iringa au Njombe, iweke ndani ya pasipoti, inasaidia kuonyesha ulikotoka. Mlipuko ule uliisha Machi mwaka huo, na wakati wote huo hakuna aliyenirudisha, ila Tunduma nilipimwa joto mara mbili na Kasumulu mara moja.

Karatasi

Viza Mtanzania haihitaji Zambia wala Malawi kwa matembezi ya kawaida. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka uhamiaji. Siku za mlipuko napendelea pasipoti, maana kila afisa anaijua na haimpi sababu ya kwenda kuuliza ofisi ya nyuma huku foleni ikikupumulia shingoni.

Kadi ya njano beba kila mara. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, homa ya manjano ndiyo pekee iliyotajwa kwa jina kwamba nchi inaweza kumdai msafiri cheti cha chanjo yake. Chanjo ni moja kwa maisha, tangu 2016 hakuna kurudia baada ya miaka 10. Lakini cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo mtu anayekimbilia kuchanjwa asubuhi ya safari amepata kinga ya kesho, karatasi ya leo hana. Na ukikutana na mtu anayekuuzia kadi bila sindano, mbali na kuvunja sheria, kumbuka ugonjwa wenyewe unaua.

Mengine yanakuja na kuondoka: cheti cha kipimo, cheti cha chanjo ya UVIKO-19, fomu ya kujaza mtandaoni. Usiniamini mimi wala konda. Siku mbili kabla ya safari, soma tangazo la wizara ya afya ya nchi unayokwenda, halafu mpigie mtu aliyevuka jana. Tangazo linakuambia sheria, aliyevuka jana anakuambia inavyotekelezwa, na baina ya hayo mawili ndimo nauli inamopotelea.

Yangu ilipotelea mwaka 2021. Nilitolewa sampuli Alhamisi saa tatu asubuhi, cheti kikatoka Ijumaa jioni. Nikakiangalia tarehe iliyochapwa juu, Ijumaa, nikahesabu saa 72, nikajiona niko salama hadi Jumatatu. Jumapili mchana niko Tunduma, nimesimama na akina mama wenzangu wanne, afisa afya anapitisha kidole kwenye karatasi yangu, kinafika mstari wa chini kabisa ambao mimi sikuusoma.

"Mama, saa zako zimeisha asubuhi."

"Baba, angalia vizuri, hii ni ya juzi."

"Zinahesabiwa tangu ulipoingizwa kijiti puani, si tangu mashine ilipotoa karatasi."

Mwenzangu mmoja akajaribu kumchekesha, akasema Zambia wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo na saa zangu zirudishwe. Afisa alicheka kweli, akanirudishia karatasi. Nililala Tunduma, nikarudi Mbeya kupima upya, hela ya mzigo ikaliwa na nauli. Ile saa moja, hata hivyo, ishike: Zambia na Malawi zote ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa nne asubuhi ya Tanzania ni saa tatu kwao. Unaporudi jioni ukiwa bado na saa ya ng'ambo kwenye simu, upande wetu saa imekwisha kwenda mbele.

Njia za panya sitazificha, kila mtu anazijua. Tunduma ni uchochoro kati ya nyumba mbili, Kasumulu ni mtumbwi au maji ya magoti kiangazi. Siku za mlipuko bei yake inashuka na hatari inapanda. Ukipita huko huna muhuri, na asiye na muhuri akiugua anaogopa kwenda hospitali hadi achelewe. Akikamatwa, anayemkamata haoni mfanyabiashara, anaona mtu aliyekwepa kupimwa. Wakati wa kufungwa ndipo doria zinapoongezwa, kwa hiyo hata kwa hesabu ya mwizi haijakaa vizuri.

Ukiugulia huko

Nakonde ukijisikia vibaya unarudi Tunduma kwa miguu, na mbele kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Vwawa, kisha Rufaa ya Kanda Mbeya. Karonga kuna hospitali ya wilaya, na ukihitaji kurudi ni Kyela kwanza, halafu milima ile hadi Mbeya, ambayo mgonjwa wa kuharisha hatakiwi kuipanda bila dripu. Lusaka hospitali kubwa zipo, lakini uko kilomita 1,000 hivi kutoka Nakonde, huna shangazi, na kadi yako ya bima ya NHIF haisomi. Haisomi Karonga pia. Tofauti ni kwamba Karonga kuna mtu wa kukuletea uji.

Lugha nayo ni sehemu ya usalama, watu hawaihesabu. Karonga ni Wangonde, na Mnyakyusa wa Kyela akizungumza nao wanaelewana kama watu wa vijiji viwili. Kiswahili kinapita pia, kama kinavyopita Nakonde. Ukiteremka zaidi, Mzuzu au Mpika, unaanza kuhitaji Kiingereza, na kueleza ulivyoharisha usiku kwa Kiingereza cha shule ni mtihani mwingine.

Fedha: chukua bajeti yako ya safari, ongeza usiku kumi na nne wa kulala na kula. Mwaka 2020 karantini ilikuwa siku 14 na mara nyingi gharama ilikuwa ya msafiri. Kama nyongeza hiyo huna, nenda mahali unakoweza kukaa bila kulipa. Kwacha za Malawi na za Zambia ni mbili tofauti, usizichanganye, na usibadilishe zote siku ya kwanza.

Nilivyomwambia

Anayefuata mzigo Nakonde wa siku moja, apite Tunduma, aondoke Mbeya alfajiri, katikati ya wiki, asile huko, arudi mchana. Geti likifungwa yuko hatua chache kutoka nyumbani. Hili nalisema hata kama redio inasema Zambia hali ni mbaya.

Anayekwenda Lusaka kwa basi wakati mpaka unaanza kuyumba, aahirishe. Siku nzima na usiku ndani ya basi, mbali na kwao, kwa geti linalojulikana kufungwa ghafla. Lilongwe ni nafuu kidogo kwa umbali, zaidi ya kilomita 600 kutoka Kasumulu, lakini kanuni ni ile ile. Treni ya TAZARA ningeisifia kwa madirisha yake, ila ratiba yake naijua.

Anayekwenda kwa ndugu, Karonga. Na asiye na ndugu wala mzigo, anayetaka tu kupumzika, kwa nini avuke? Matema ni ziwa lile lile, na Desemba maua ya hifadhi ya Kitulo yanaanza kupendeza. Binti alikataa hilo upesi. Alisema amekwisha kuwaaga walimu wenzake kwamba anakwenda nje ya nchi.

Kwa rafiki wa Lusaka alituma mchango na video ya pongezi. Kadi ya njano alikuwa nayo tangu chuo. Nilimpa kitenge cha kutandika, vidonge vya maji, na nikamwambia Kasumulu asikimbilie dirishani.

Hakusikia. Alishuka kwenye basi saa nane mchana, jua la Kyela liko utosini, amevaa sweta la Iringa, akaenda moja kwa moja kwa dada wa afya. Kipima joto kikaelekezwa kwenye paji la uso, kikalia: 37.9. Moyo ukamruka. Yule dada akamtazama sweta, akamtazama begi, akamwonyesha mwembe.

"Kaa pale robo saa, mwalimu. Uvue hilo sweta, unywe maji."

Alijuaje kwamba ni mwalimu, mpaka leo anashangaa. Aliporudi kilisoma 36.6, akagongewa muhuri. Jioni nikapata ujumbe kutoka Karonga, ameshanawa kwenye ndoo, ameshakula, anauliza huku saa ngapi. Nikamjibu saa kumi na mbili.

"Huku kumi na moja, shangazi. Jua bado lipo."